Nimekunja, Sikukata

24 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza, kifurushi utakipekua baadaye, najua mkono wako umeshafika kwenye mkasi. Mimi mzima. Paa la chumba changu limeacha kuvuja, maana mwenye nyumba alipanda mwenyewe kulitazama, akatumbukiza mguu hadi gotini, na kesho yake fundi akaitwa bila mimi kuomba. Bibi hajambo? Mwambie miwani yake iko tayari, nitaituma. Baba naye mwambie viatu nimevipata, asante sana, isipokuwa vyote viwili ni vya mguu wa kushoto.

Sasa jambo lenyewe. Humo ndani kuna sketi ya kazini, ile ya bluu uliyonishonea nilipoajiriwa. Naomba uipunguze kiuno kutoka inchi ishirini na saba hadi ishirini na sita, na nyonga kutoka thelathini na nane hadi thelathini na sita na nusu. Usishtuke. Ofisini tumeanzishiwa Shindano la Wepesi. Meneja anasema kampuni ya kusafirisha vifurushi haiwezi kuwa na wafanyakazi wazito kuliko vifurushi. Kila Jumatatu asubuhi tunapimwa kwenye mzani wa mizigo, palepale kaunta ninapokaa, na majina yetu yamebandikwa ukutani pamoja na kilo. Atakayepungua zaidi kwa asilimia kufikia mwisho wa Mei anapewa friji. Mpya, Shangazi, ya milango miwili! Imeshawekwa mapokezi na utepe mwekundu.

Nilianza na kilo hamsini na tano. Leo nina hamsini na mbili, na ni wiki nne tu. Mpinzani wangu ni dereva wa lori, tunamwita Tani Mbili. Yeye alianza na mia moja kumi na nane, lakini sote tunajua siku ya kwanza alipanda mzani na spana tatu mfukoni.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Ukipokea simu dukani unaweka spika, halafu wateja wako ndio wananijibu. Barua nimeiweka mfukoni mwa sketi kama siku zote. Vifurushi vya wafanyakazi vinasafiri bure, tuvitumie.

Mwanao,
Kasuku


3 Machi

Kasuku,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi yako anasema miwani usiikalie, maana jana aliisalimia sanamu ya kuvishia nguo pale dirishani, haikuitika, akanuna mpaka chakula cha mchana. Baba yako amerudi kwa muuzaji wa viatu. Muuzaji anasema basi kuna mtu mwingine mahali fulani ana vya kulia viwili, mtafutane.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimekaa chini. Friji! Watu wazima na akili zao wanaambiwa waache kula, na atakayeacha vizuri zaidi anapewa kabati la kuwekea chakula. Hivi huyo meneja alifikiria peke yake au alisaidiwa? Na mwaka ujao je, mtashindana kukaa bila kuoga, mshindi apewe sabuni?

Halafu mzani wa mizigo. Nimecheka hadi pini zikanitoka mdomoni. Mkishapimwa mnabandikwa na ile stika, "Shika kwa uangalifu, kitu cha kuvunjika"? Au mnapigwa muhuri tu?

Sikia mwanangu. Vipimo vyako ninavyo daftarini tangu una miaka kumi na tano. Nimekushonea gauni, sare za shule, sare za kazi. Sijawahi kukuta mahali pa kupunguzwa. Tani Mbili namwelewa, ana akiba. Wewe unatoa wapi? Umekuwa kama mtu anayefagia chumba kilichokwisha kufagiliwa, sasa unachimba sakafu.

Nimemuuliza yule muuguzi wa zahanati, mteja wangu wa magauni meupe. Anasema mtu mnene anayetaka kupungua salama aende taratibu, nusu kilo kwa wiki, kilo moja ikizidi sana. Nikamwambia huyu wangu si mnene. Akaniuliza, sasa anapunguza nini? Swali hilo nakupa wewe.

Sketi nimeipunguza kwa sababu umeniomba na kwa sababu kazi ni kazi. Lakini nimekunja, sikukata. Kitambaa chako chote kiko humo ndani ya mshono, kinakusubiri.

Shangazi yako,
Fundi


29 Machi

Shangazi Fundi,

Shikamoo. Hapa kwetu kwema. Miwani ya Bibi imo kwenye boksi dogo, ifungueni polepole. Viatu nimevivaa kwenda dukani na kurudi, na ninakuhakikishia nilizunguka kidogo. Jirani yangu wa chumba cha pili amenunua spika, kwa hiyo sasa nyumba nzima tunasali naye, tunacheza naye, na tunaachana na mchumba wake naye.

Asante kwa sketi na kwa matusi. Lakini Shangazi, umekaa nyuma ya cherehani miaka thelathini, dunia imekwenda. Watu wanasifu! Mhasibu, ambaye tangu niajiriwe hajawahi kuniambia neno zaidi ya "saini hapa", juzi alisimama kaunta akasema, "Kumbe una shingo." Meneja amenitolea mfano kwenye mkutano, wote wakapiga makofi. Mimi! Niliyekuwa naitwa "wewe wa mzani".

Nina arobaini na tisa. Tani Mbili yuko nyuma yangu. Anakula mikate miwili kwa siku badala ya minne na anapungua kwa raha zake, mtu huyu ananiudhi. Mimi chakula changu ni cha mpangilio. Asubuhi maji ya ndimu. Mchana tango. Jioni naliangalia lile tango lililobaki, tunaelewana. Muuguzi wako mpe salamu, mwambie sina ugonjwa wowote.

Sasa naomba mambo mawili. Sketi hii ishushe kiuno hadi ishirini na nne na nusu, nyonga thelathini na tano. Ile nyingine nimeibana na pini kwa sasa. Na kama una sufu iliyobaki, nifumie sweta. Feni ya ofisini iko juu ya kichwa changu. Na uniambie ni mafuta gani ya nywele anayotumia binti wa saluni ya hapo kwenu, haya yangu mapya hayafai, kitana kinajaa.

Mwanao mwembamba,
Kasuku


6 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Bibi yako amepata miwani. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni uso wangu, akasema, "Umezeeka lini?" Baba yako hajambo, ameapa hatanunua tena viatu bila kuvitoa kwenye boksi. Mvua imenyesha, duka limeingia maji mpaka kwenye kanyagio la cherehani, tumeyatoa kwa ndoo.

Feni! Mwanangu, mwezi huu ambao mbwa wa jirani analala ndani ya beseni, wewe unaniomba sweta? Mimi nimekupima tangu mtoto, ulikuwa ukitoka jasho hata ukisimama tu kupimwa. Sweta nimefuma, imo humo, na kila mshono nilioufuma nilikuwa nakutukana.

Na nywele. Mafuta hayana kosa, yaache. Muuguzi amekuja tena kuchukua gauni lake, nikamsomea barua yako kwa sauti, na wateja wawili waliokuwepo wakasikiliza pia, samahani, walikuwa hawana pa kwenda. Muuguzi hakucheka hata pale kwenye tango. Akaniuliza urefu wako. Nikafungua daftari, nikampa. Akapiga hesabu nyuma ya risiti yangu. Anasema kwa urefu wako, kilo arobaini na tisa ndio mwisho wa uwanja. Ukishuka hapo umetoka nje, hata kama refa wenu anapiga makofi. Anasema mtu ambaye uzito wake unalingana na urefu wake, akiwa na sababu ya kupungua, na iwe sababu kweli si friji, apungue robo kilo kwa wiki, huku daktari anamwona, na awe na mahali pa kusimama. Wewe unakimbia mara tatu ya hapo na breki huna. Na mwili ukishakosa mafuta haukai kimya, anasema, unakula nyama yake wenyewe. Unaanza na mikono na mapaja, halafu unafika mpaka kwenye moyo.

Baridi ni dalili, nywele ni dalili. Akaniambia nikuulize na la tatu, na hili nimesubiri wateja watoke ndipo nikaliandika. Siku zako za mwezi unaziona? Nijibu ndiyo au hapana. Usinipige chenga.

Sketi hii hapa. Nimekunja tena, sikukata. Mshono sasa umekuwa mnene kama mkono wa begi, utakuwasha kiunoni. Uwashe tu, ukumbuke.

Huyo mhasibu mwambie shingo ulizaliwa nayo.

Shangazi yako,
Fundi


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Mimi mzima. Sweta imenikaa vizuri, asante, ila mikono ni mirefu. Bibi na Baba wasalimie sana.

Sketi imechanika kidogo ubavuni, ilinasa kwenye msumari wa mlango. Naomba uishone. Na ukishaishona uipunguze kiuno kiwe ishirini na tatu, nyonga thelathini na tatu na nusu. Ni ya siku ya kupokea zawadi, kwa hiyo ningeomba iwahi. Zimebaki wiki tatu.

Tani Mbili anasema niende likizo. Nadhani anaogopa kushindwa.

Kasuku


16 Mei

Kasuku,

Marahaba. Leo salamu ni fupi. Wote wazima, isipokuwa mimi.

Nimekushonea tangu una miaka kumi na tano, na kabla yako nimeshonea nusu ya mtaa huu. Msumari naujua. Msumari unachana kitambaa, unaacha uzi umesimama kama masharubu. Hii yako kitambaa ni kizima. Ni mshono uliofumuka, kutoka kiunoni mpaka kwenye mfuko, upande mmoja, kwa mara moja. Mshono unafumuka hivyo mtu akienda chini kwa uzito wake wote na mguu umekunjwa chini yake. Na pale kwenye nyonga kuna dawa nyekundu ya sakafu, imeingia ndani ya nyuzi, umeifua na haikutoka. Sijui huo msumari wenu wa mlangoni anaupiga rangi nani.

Ulianguka, Kasuku. Ulianguka ofisini, chini, pwaa, na watu wakaona. Halafu ukasimama, ukajipangusa, ukaniandikia habari ya msumari.

Na swali langu la Aprili hukulijibu. Nimetafuta hadi kwenye mfuko wa pili.

Sketi siipunguzi. Siishoni. Imekaa hapa kwangu na itakaa. Waambie wakukabidhi friji ukiwa umejifunga shuka. Mimi sitakuwa fundi wa kazi hii. Nimekunja mara mbili na nimejilaani mara mbili, ya tatu hapana. Ukitaka kuendelea endelea, nikusaidie na gharama, sanda yako nitaitoa kwenye leso moja na kitabaki kitambaa cha kufutia kamasi.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Nimeshinda. Kilo arobaini na nne na nusu. Friji iko hapa chumbani kwangu, Tani Mbili na mlinzi wameibeba hadi juu. Ni kubwa kuliko kitanda. Ili niufungue mlango wa chumba inabidi niufunge mlango wa friji. Nimekaa mbele yake leo Jumapili nzima. Sijaichomeka, maana ndani hamna kitu. Kuna maji na nusu ndimu, na maji hayahitaji kupoa, mimi mwenyewe nasikia baridi.

Ndiyo, nilianguka. Nilikuwa nashusha kifurushi cha vitabu kwenye mzani, nikaona kaunta inapanda juu, nikajikuta chini. Tani Mbili ndiye aliyeniinua. Alisema ameshabeba mabegi ya barua mazito kuliko mimi, na hakusema kwa kunisifu. Alitaka kunipeleka hospitali, nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Sikwenda. Siku ya zawadi alipiga makofi mawili akatoka nje.

Haya, umejua. Sasa na mimi nikuambie lako.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Baba alinileta kwako nishonewe gauni. Duka lilikuwa limejaa. Ukanizungushia tepu kwenye nyonga, na wewe huwezi kusoma namba kimoyomoyo, lazima utangaze. Ukasema, "Thelathini na nane! Jamani, huyu hatumshonei gauni, huyu tunamshonea pazia." Watu wakacheka. Mteja mmoja mwenye kitambaa cha njano alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, maana ungefanya nini ukiwa umefungwa tepu? Na mwaka uliofuata ukanipima tena, ukasema, "Pazia limerudi." Kila mwaka. Mpaka mama wa duka la jirani akawa ananiita Pazia.

Wewe umesahau, kwako ulikuwa mzaha wa siku hiyo. Mimi niliondoka nao. Namba hiyo naifahamu kuliko namba yangu ya simu. Siku meneja alipotangaza shindano, wenzangu waliiangalia friji. Mimi niliwaza thelathini na nane. Na nilipokutumia ile sketi ya kwanza, unajua nilikuwa nasubiri nini? Nilikuwa nasubiri utangaze dukani. Uiweke mezani, uisome namba mpya kwa sauti kubwa kama ile ya zamani, waisikie wote. Ukanitumia mzaha wa sabuni.

Sasa umeniandikia sanda ya leso. Nimeshuka inchi nne na nusu, na bado mimi ndiye kichekesho cha duka. Niambie basi, Shangazi, kipimo chako ni kipi? Pazia au leso? Katikati ya hapo kuna nguo gani?

Kasuku


9 Juni

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea ingawa hukuziandika. Bibi na baba yako wazima. Sikuwasomea barua yako. Sikumsomea mtu. Niliisoma nyuma ya duka, nimefunga mlango, na mteja akagonga mpaka akaondoka.

Siku mbili nilikutungia jibu kali. Nilikuwa naanza, "Ama kweli mtoto umekua," halafu ninaendelea. Nina maneno, wewe unanijua. Nikayachana yote.

Nilisema. Sikusahau, usinipe hata hicho kisingizio. Nakumbuka mpaka kitambaa cha njano. Mimi nimejaliwa mdomo, na duka likijaa watu mdomo unafanya kazi peke yake, wakicheka najiona hodari. Sikukuangalia usoni. Fundi huwa anaangalia kitambaa. Nisamehe. Neno hilo sijalizoea.

Na sanda ile nisamehe zaidi. Niliogopa, Kasuku. Nilikuwa naogopa tangu sweta, na mimi nikiogopa natukana.

Sasa fungua karatasi hii niliyoibana na pini. Ni ukurasa wako kwenye daftari, nimeuchana, na wewe unajua sijawahi kuchana ukurasa. Angalia tarehe. Ni siku ileile. Kila mteja nikishampima naandika namba, na chini naandika neno moja mawili ya kunisaidia wakati wa kukata, kwamba huyu bega moja limeshuka, huyu ana tumbo la mbele, huyu anasimama kiupande. Hayo siyasemi, naandika tu. Soma la kwako. Mwandiko ni wangu, wino umefifia lakini unasomeka. "Bega sawa. Kiuno 27. Nyonga 38. Nguo itamkaa vizuri huyu. Hana pa kuongeza, hana pa kupunguza."

Mdomo ulisema pazia, mkono ukaandika hayo. Wewe umeishi na la mdomo miaka tisa kwa sababu la mkono sikukuonyesha. Angalia na miaka iliyofuata, iko hapohapo chini. Thelathini na nane, thelathini na nane, thelathini na nane. Mwili uliotulia hivyo, ungeulizwa wenyewe, ungesema umeshachagua kipimo chake.

Umeniuliza katikati ya pazia na leso kuna nguo gani. Hii hapa. Sketi nimeifumua mikunjo yote miwili, nimetoa kitambaa chote, nimeirudisha kama nilivyoishona siku ya kwanza. Ule upande uliofumuka nimeushona mara mbili. Mistari ya mikunjo ya zamani bado inaonekana, pasi imekataa. Haitafutika leo, itafutika kadiri unavyovaa.

Kuhusu hospitali, siandiki mzaha. Nenda kesho. Si kesho ya maneno, kesho yenyewe. Mwambie huyo dereva akupeleke, namwamini kuliko meneja wako, hata akiwa na spana mfukoni. Mwambie daktari ulianguka, mwambie na lile ambalo hukuniambia mimi. Na muuguzi ameniagiza neno moja, usije ukarudi nyumbani ukala sufuria zima kwa siku moja ili kunifurahisha. Anasema hata kurudi kuna mwendo wake, na mwendo huo ni daktari anaupanga.

Dukani sasa napima kimyakimya. Naangalia namba, naandika, nafunga daftari. Wateja wanadhani naumwa koo. Mama mmoja ameniletea tangawizi.

Shangazi yako, mwenye mdomo,
Fundi


27 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Paa halijavuja. Jirani amerudiana na mchumba wake, na sisi wengine pia. Mwambie Baba viatu vile nimempa mlinzi, anavitumia kuegeshea geti.

Nilikwenda. Si kesho yake, keshokutwa yake, lakini nilikwenda. Tani Mbili alisubiri nje na lori, akazuia barabara nzima. Nilipimwa, safari hii nikiwa nimegeuzia mzani mgongo, daktari akaandika namba bila kuisema. Nilimwona anaandika nikakukumbuka. Damu imepungua. Amenipa vidonge na karatasi ya chakula, kidogo kidogo mara sita kwa siku, na nirudi kila wiki. Lile swali lako la Aprili nimemjibu yeye, na wewe nakujibu sasa. Hapana. Tangu Machi. Amesema zitarudi, ila hazikimbizwi.

Nilimwomba meneja aondoe ile karatasi ya kilo ukutani. Akasema anafikiria shindano la pili. Tani Mbili akaibandua mbele yake, akaitumia kufungia spana zake.

Friji nimeichomeka. Inanguruma kama mtu mwenye homa ya mapafu. Mna maziwa, mayai, ndizi na mkate ambao Tani Mbili anauleta kila asubuhi akidai ameununua kwa makosa. Vingine ninakula nikilia, Shangazi, sikudanganyi. Jana nilikaa na yai moja nusu saa. Lakini nilikula.

Ukurasa wa daftari nimeubandika kwenye mlango wa friji.

Sketi imefika. Nimeivaa leo. Inanipwaya mno, nikitembea inageuka, mfuko unakuja mbele. Kazini wameniambia nikutumie uirekebishe.

Usiipunguze.

Mwanao,
Kasuku